Kwanza Jina, Kisha Mshipa

Hotuba kwa vijana waliomaliza shule na wanafunzi wa maabara, Makadara, Nairobi

Wazazi wenzangu, walimu, na nyinyi vijana mliojaa hadi kule mlangoni, hamjambo? Asanteni kwa kunipokea. Nimeombwa nizungumze juu ya kazi ya kuchukua damu: inasomewa wapi, inapatikanaje, na kama inaweza kumlisha mtu. Nimeifanya hapa Nairobi kwa zaidi ya miaka 20, katika hospitali za umma na maabara za watu binafsi. Nitawaambia yale ambayo mikono yangu inayajua.

Kitaalamu kazi hii huitwa flebotomia, lakini wodini hutasikia neno hilo. Mgonjwa akikuona na trei yako humwambia mwenzake, "Yule wa damu amefika." Na tangu zamani mtu wa damu hana sifa nzuri katika mji huu. Wazee wa Pumwani waliokulia enzi za ukoloni walisimulia habari za mumiani, na jinsi wazimamoto walivyodaiwa kukamata watu usiku na kuwanyonya damu. Mimi siyachekelei masimulizi hayo. Watu waliokwisha kunyang'anywa ardhi na jasho lao wangekosaje kuhofia damu? Hata leo shosho akiziona chupa nne mkononi mwangu huniuliza, "Mwanangu, mnaipeleka wapi damu yote hii?" Ana haki ya kuuliza. Ninamwambia kwamba chupa zote nne zikijaa ni kama kijiko kimoja cha mezani na tone, na mwilini mwake mna karibu lita 5. Ninamwonyesha: hii ya zambarau ni ya kuhesabu chembe, hii ya kijivu ni ya sukari, hii ya njano itatwambia habari za figo. Akishajua, hunyoosha mkono mwenyewe.

Nimeanza na shosho huyo kwa sababu watu hudhani kazi hii ni sindano. Kuchoma utajifunza, kidole kitazoea. Kinachomtofautisha anayeijua kazi na asiyeijua ni yale yanayotangulia sindano. Makosa mengi yanayolaumiwa maabara hutokea kabla sampuli haijafika kwenye mashine. Mashine haijui ulimchoma nani. Itapima ulichoiletea, na itatoa jibu safi kabisa, limechapishwa vizuri, la mtu mwingine.

Ngoja niwasimulie. Mwaka wangu wa pili kazini, katika hospitali ambayo sitaitaja, niliingia wodi ya kina mama alfajiri nikiwa na fomu 18. Katika kitanda cha sita nikamkuta mama amelala. Nikamgusa bega, nikasoma jina lililokuwa kwenye fomu: "Wewe ndiwe fulani?" Akaitikia ndiyo. Nikachukua damu, nikaandika chupa, nikapita. Kumbe mgonjwa niliyetumwa kwake alikuwa amehamishiwa kitanda cha dirishani usiku ule. Huyu aliyeitikia alikuwa na homa na usingizi, akaona koti jeupe, akasema ndiyo. Nasi ndivyo tulivyolelewa: mtu mwenye koti au mwenye umri akikuuliza jambo, unaitikia kwa heshima hata kama hukusikia vizuri. Heshima hiyo nzuri inaweza kuua mtu hospitalini.

Damu ile ilikuwa ya kuoanishwa ili mama wa dirishani aongezewe damu. Fundi wa chumba cha damu, mtu makini sana, alifungua rekodi za mgonjwa akakuta zinasema kundi O. Chupa yangu ilikuwa inasema A. Hakunyamaza, hakuikadiria. Alipiga simu wodini akaniita kwa jina. Mtu wa kundi O akitiwa damu ya A, kinga ya mwili wake huzivamia chembe hizo papo hapo; figo zinaweza kugoma na mtu akafa. Mama yule aliokolewa na mtu ambaye hakuwahi hata kumwona. Mimi nilikaa kwenye ngazi za nyuma ya wodi nikalia, na sioni aibu kuwaambia hivyo.

Tangu siku hiyo simtajii mgonjwa jina. Ninamuuliza, "Unaitwa nani, majina yote? Ulizaliwa mwaka gani?" Yeye ndiye anayesema, mimi ninalinganisha na fomu na namba yake ya hospitali. Akiwa mtoto mdogo au hawezi kusema, namuuliza aliye naye, na nasoma bangili ya mkononi. Chupa naiandika pale pale kando ya kitanda, damu ikishaingia, kabla sijainua mguu. Wale wanaoandika chupa mapema wakazipanga mfukoni ili waende haraka, nawaomba mbele ya wazazi wenu: acheni.

Swali la pili mtalipata katika Kiswahili chenyewe. Mgonjwa ameagizwa apimwe sukari kabla ya kula. Ametoka Rongai kwa matatu ya saa kumi na moja alfajiri, amefunga usiku kucha. Ukimuuliza, "Umekula?" atasema, "Sijala," na hadanganyi. Chai hailiwi, chai inanywewa. Amekunywa strungi kikombe kimoja, sukari vijiko vitatu, kwa sababu kwake hicho si chakula. Basi uliza, "Tangu jana usiku umetia nini kinywani?" Maneno hayo sita yatamwepusha na tembe za kisukari asizozihitaji.

Sasa mshipa. Picha nyingi za vitabuni zimechora mkono mweupe wenye mistari ya bluu, na mwanafunzi wetu akifika wodini anatafuta mstari wa bluu kwenye ngozi ya Mluo au Mturkana, hauoni, anaanza kutokwa na jasho. Kwetu mshipa hutafutwa kwa kidole. Funga mpira wa mkono vidole vinne au vitano juu ya mahali unapotaka kuchoma, halafu papasa taratibu. Mshipa ni laini, ukiubonyeza hurudi juu. Ukano ni mgumu kama kamba, usiuguse na sindano. Ukisikia kitu kinapiga kama moyo, hiyo ni ateri, ondoka hapo. Anza na mshipa wa katikati ya kiwiko. Ule wa upande wa ndani uwe wa mwisho kabisa, maana jirani zake ni ateri na neva.

Mpira usipitishe dakika 1. Ukikaa muda mrefu, maji hutoka mshipani, protini na chembe hubaki zimejazana, na majibu hupanda bila ugonjwa wowote. Na ile tabia ya kumwambia mgonjwa, "Kunja ngumi, kunjua, kunja, kunjua," iacheni pia. Misuli ikifanya kazi hivyo huachilia potasiamu, na daktari atashtukia kitu ambacho ni mazoezi ya vidole tu. Spiriti ya asilimia 70 ikishapakwa, ngoja sekunde 30 ikauke. Usipulize. Sindano iingie kwa mlalo usiozidi nyuzi 30. Ukikosa mara mbili, mwite mwenzako. Mgonjwa si mahali pa kuthibitishia ubingwa.

Halafu kuna mikono isiyochomwa. Mama aliyeondolewa titi, upande ule uache, isipokuwa daktari wake ameruhusu. Mkono wenye dripu, tafuta mwingine. Na mgonjwa wa figo anayesafishwa damu, ule mkono wenye mshipa uliounganishwa na ateri ukavimba, usiuguse, ndio uhai wake. Mshipa ule ukiharibika, safari yake ya kusafishwa damu inaharibika.

Naomba mnivumilie kwenye chupa, hapa ndipo wengi huangukia. Rangi za vifuniko zina maana, na utaratibu wa kuzijaza una sababu. Kwanza chupa za kuotesha vijidudu, maana zinahitaji usafi kuliko zote. Kisha bluu, ya kupima kuganda kwa damu. Kisha nyekundu au njano. Kisha kijani. Kisha zambarau. Mwisho kijivu. Mwanafunzi hukariri hivi kama tulivyokariri tebo za hesabu, halafu siku ya kwanza akiharakishwa anasahau, kwa sababu hakuelezwa kwa nini.

Sababu ni hii. Ndani ya chupa ya zambarau mna dawa ya kuzuia damu isigande, iitwayo EDTA, na mara nyingi imechanganywa na potasiamu. Hiyo EDTA huzuia kuganda kwa kuishika kalisi. Sasa chukua mwanafunzi niliyemsimamia miaka michache iliyopita. Chupa ya njano ilikuwa imejaa nusu, mshipa ukakauka. Akaona ya zambarau imejaa vizuri, akamimina kidogo kutoka zambarau hadi njano ili zilingane. Alidhani damu ni damu. Majibu yalipotoka, potasiamu ilikuwa juu kiasi cha kusimamisha moyo, kalisi ikawa chini mno. Daktari alipiga mbio hadi kitandani akamkuta mgonjwa ameketi anakula uji. Bahati ni kwamba alimtazama mgonjwa kabla ya kuitibu karatasi. Mwanafunzi yule hakuwa mvivu wala mpumbavu. Hakuna aliyekuwa amemwambia kilichomo chupani.

Kwa hiyo someni kilichomo. Ya bluu lazima ijae hadi alama, kwa kuwa imepimwa sehemu 9 za damu kwa 1 ya dawa. Ikipungua, damu itaonekana inachelewa kuganda. Ya zambarau igeuzwe polepole mara 8 hadi 10, isitikiswe kama chupa ya maziwa lala, chembe zikipasuka sampuli imeharibika. Ya kijivu ina floridi, ambayo huzizuia chembe zisiendelee kuila sukari wakati sampuli inasubiri boda ya kuipeleka maabara kuu. Na mjue foleni za Thika Road na Mombasa Road zilivyo. Sampuli hukaa njiani.

Juu ya usalama wenu nitasema kwa ukali kidogo, wazazi mnisamehe. Kabla hujashika sindano ya kwanza, hakikisha umechanjwa hepatitisi B. Ni dozi 3: leo, baada ya mwezi 1, na baada ya miezi 6 tangu ile ya kwanza. Vijana wote huogopa virusi vya UKIMWI, na ni sawa kuviogopa. Kati ya watu 1,000 waliochomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye virusi hivyo, karibu 3 huambukizwa. Lakini hepatitisi B kwa asiyechanjwa inaweza kufikia watu 30 kati ya 100. Chanjo ipo. Chuo kikikupeleka wodini bila kukuuliza habari za chanjo, kiulize wewe.

Sindano iliyotumika haifunikwi tena kwa kifuniko chake. Inatoka mkononi, inaingia kwenye sanduku la sindano, na sanduku likifika robo tatu linafungwa. Ukichomwa, osha kwa maji na sabuni, usikamue, usinyonye, toa taarifa saa hiyo hiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo, zisipite saa 72, na huliwa siku 28. Nimeona mtu akificha kwa siku nne akiogopa kugombezwa na msimamizi. Msimamizi anayemgombeza mtu aliyechomwa anastahili yeye kugombezwa.

Haya, kusoma. Nitasema wazi, kwa sababu kuna pesa za wazazi hapa. Marekani flebotomia ni kazi inayosimama yenyewe, mtu husomea miezi michache akaajiriwa kwa hiyo tu. Hapa Kenya, mara nyingi mkono unaochukua damu ni wa mtaalamu wa maabara, muuguzi au afisa wa kliniki. Maabara kubwa za binafsi hapa mjini zina vituo vya kuchukulia sampuli katika mitaa mbalimbali, na huko kuna wanaoshinda wakifanya kazi hii tu, lakini mwajiri akipata mwenye stashahada ya maabara pamoja na mkono mzuri, yule mwenye cheti cha wiki chache atangoja sana.

Basi ushauri wangu kwa aliyemaliza kidato cha nne: ukiwa na wastani wa C, baiolojia na kemia zikiwa zimeshika vizuri, lenga stashahada ya sayansi ya maabara za matibabu. Ni miaka 3. KMTC ipo, yaani Chuo cha Mafunzo ya Matibabu cha Kenya, kilichoanza mwaka 1927, na kampasi yake kuu iko pale karibu na Hospitali Kuu ya Kenyatta. Vyuo vingine vipo pia, ila kabla ya kulipa karo nenda kwenye Bodi inayosimamia wataalamu wa maabara, ile inayojulikana kwa herufi KMLTTB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1999. Uliza kama chuo hicho kimeidhinishwa. Bila Bodi hiyo kukusajili na kukupa leseni, cheti chako ni karatasi ya ukutani.

Muuguzi, au uliye tayari maabara, kozi fupi ya flebotomia itakufaa, itakunoa. Kijana asiye na msingi wowote, anayeahidiwa kwenye ghorofa ya tatu ya jengo fulani katikati ya mji kwamba baada ya mwezi mmoja atakuwa mtaalamu na kazi anaiona, huyo nampigania. Nimekutana na mabinti wawili walioletwa kwangu na vyeti vya namna hiyo, vimepigwa mhuri mzuri, na hawajawahi kuchoma mkono wa mtu hai. Walifundishwa kwa mkono wa mpira na video. Mama mmoja alikuwa ameuza ng'ombe.

Ukiwa mbele ya mwenye chuo, muulize: nitakwenda hospitali gani kwa mazoezi, na nitachoma watu wangapi halisi nikisimamiwa? Akipapasapapasa, simama utoke. Mjue wenzetu wanavyopima: jimbo la California halimpi mtu leseni kamili ya kazi hii hadi awe amechoma mishipa 50 na vidole 10 chini ya usimamizi. Hiyo ni sheria ya kule, haitufungi sisi, lakini ni kipimo cha kuulizia. Na walio na ndoto ya kwenda nje, leseni ya hapa haivuki bahari peke yake. Kila nchi ina mtihani wake. Wakala anayekuambia umpe pesa naye atamaliza yote, mwambie akuonyeshe mtihani huo unaitwaje.

Kuhusu kupata kazi. Atachmenti yako, yaani yale mazoezi ya hospitalini, ndiyo barua yako ya kwanza ya kazi, ingawa haikulipi. Daftari la mazoezi lijaze kila siku, tarehe, aina ya sampuli, ulifaulu au ulikosa, na sahihi ya msimamizi. Andika hata ulizokosa. Nilipokuwa nahoji watu, daftari lisilo na kosa hata moja lilinitia wasiwasi.

Ukishahitimu na kusajiliwa, usisage lami na bahasha za kaki mchana kutwa ukiziacha kwa mabawabu. Amka mapema. Vituo vya kuchukulia damu hupata watu wengi kuanzia saa kumi na mbili hadi saa nne asubuhi, wale waliofunga. Msimamizi akitaka mtu wa lokamu, yaani wa kushika zamu kwa muda, anamtaka kwa saa hizo, na anamtaka leo. Mtu anayekaa Umoja au Kayole akaweza kuripoti saa kumi na mbili kamili ana thamani. Anza hapo, zamu mbili kwa wiki, na usichelewe hata mara moja. Wengi wa niliofanya nao kazi waliandikwa baada ya lokamu. Nafasi za kaunti hutangazwa na bodi ya utumishi wa umma ya kaunti, hazina malipo ya kuomba. Anayekuuliza kitu kidogo ili jina lako lipite ni mwizi.

Kuna mlango mwingine ambao vijana huupita bila kuuona: damu ya kuchangia. Tarehe 7 Agosti 1998, siku ya bomu la ubalozi wa Marekani, watu zaidi ya 200 walikufa katika mji huu na maelfu wakajeruhiwa. Mimi nilikuwa msichana niliyetoka shule, nikasimama kwenye foleni ya kuchangia. Foleni ilizunguka jengo. Watu walikuwa tayari kutoa damu, lakini mikono ya kuichukua ilikuwa michache, na yule dada aliyenichoma alikuwa hajaketi tangu asubuhi. Hata hivyo aliniuliza jina langu lote, akaniuliza kama nimekula, akanishika kiganja. Ndipo nilipotaka kuwa yeye.

Baada ya mkasa ule nchi ilijenga huduma ya taifa ya damu, na Nairobi ina kituo chake. Damu nyingi huchangwa na wanafunzi wa sekondari, ndiyo maana shule zikifungwa hospitali huanza kulia. Mchangiaji awe na umri wa miaka 16 hadi 65 na uzani wa kilo 50 au zaidi. Mfuko hubeba mililita 450, sindano yake ni nene kuliko ya vipimo, na mfuko hutikiswa polepole ili damu ichanganyike na dawa. Ukiwa mwanafunzi wa maabara, jitolee kwenye kambi hizo. Utaanza na kuandikisha majina na kupima uzani, utakaa na watu waliozirai, utajifunza kuzungumza na mwoga. Na wasimamizi watakaokuona ukifanya hivyo Jumamosi bila kulipwa ndio hao hao wanaoulizwa Jumatatu kama wanamjua mtu.

Nimeleta mkono wa mpira, uko pale mezani, pamoja na chupa tupu za rangi zote. Njooni mzipange nione. Na mzazi yeyote ambaye mwanawe amepewa barua ya kujiunga na chuo, kama hujalipa, niletee niisome. Nitakuwepo hadi saa nane.